Kukopesha pesa mtandaoni mtu kwa mtu: mambo ya kupitia hatua kwa hatua kabla hujatuma hela yako

Hii naandikia mtu mwenye hela kidogo imekaa, ameona tangazo kwenye simu linasema kopesha wenzako upate riba kubwa kuliko ya benki, na moyo umeshaanza kumwenda mbio. Anayetaka kukopa naye ana sehemu yake huko chini.

Mimi nilianza kwa haraka. Niliangalia asilimia tu, nikaweka hela yote kwa mkopaji mmoja manake apu ilimpa alama nzuri, akalipa marejesho mawili alafu kimya, na nilipoenda kuuliza ndo nikagundua kwamba kwenye yale masharti niliyobonyeza "nakubali" bila kusoma mkopeshaji nilikuwa ni mimi mwenyewe, wao kazi yao ilikuwa kutukutanisha. Hela ile haijarudi mpaka leo. Toka hapo nikajifunza kuuliza mambo mawili kabla ya kitu kingine chochote: pesa yangu inakaa wapi, na ikipotea inampotea nani. Riba inakuja baada ya hapo.

Hatua ya 1: jua kwanza unaingia kwenye nini

Ukiweka akiba benki, anayedaiwa na wewe ni benki. Benki ikimkopesha mtu akakimbia, hilo ni la benki, wewe akiba yako unaidai vilevile, na nchi nyingi zina bima ya amana hata benki ikifa unapata kiasi fulani. Huku kwenye kukopeshana mtu kwa mtu hakuna hicho kitu. Jukwaa, yaani ile apu au tovuti inayowakutanisha, ni dalali. Linatafuta wakopaji, linawapima, linakuonyesha, linakusanya marejesho, linakata ada yake, basi. Mkopaji asipolipa hasara ni yako wewe uliyetoa.

Wazo lenyewe sio baya, mi naliamini mpaka leo. Zopa ya Uingereza ilianza 2005 na ndo inatajwa kuwa ya kwanza, walichosema ni kwamba tukimtoa benki katikati mkopaji atalipa riba ndogo na mkopeshaji atapata kubwa. Mwaka huohuo Marekani ikaanza Kiva, na mikopo yao ya kwanza kabisa ilienda kwa wafanyabiashara wadogo wa Tororo, Uganda. Ila watu wanazichanganya hizi mbili. Kiva unaweza kuanza na dola chache tu na hupati riba yoyote, mkopaji akilipa unarudishiwa ulichotoa tu, ni kusaidia, wakati mkopaji mwenyewe mara nyingi bado anailipa riba taasisi ya kule kwao inayomhudumia. Kwa hiyo ukitaka faida hapo sio mahali pake, na ukitaka kusaidia mtu usiende kule kwenye faida ukadhani ni kitu kimoja.

Alafu ujue kitu kingine, Zopa walifunga huo upande wa mtu kwa mtu mwaka 2021 wakabaki benki, na LendingClub ya Marekani nayo iliacha kuchukua hela za watu wadogo mwisho wa 2020. Hao walikuwa nchi ambazo karibu kila mtu ana historia ya mikopo iliyoandikwa mahali! Kwenye nchi zinazoendelea mkopaji mara nyingi hana karatasi ya mshahara, hana hati ya kiwanja, hana historia yoyote benki, kwa hiyo apu inamkadiria kwa miamala ya pesa ya simu, vocha anazoweka, muda aliokaa na laini yake. Inasaidia sana kumfikia mtu ambaye benki haikuwahi kumwangalia, lakini ni kukadiria, na wewe hela yako imekaa juu ya hayo makadirio.

La mwisho kwenye hatua hii, apu nyingi zinazojiita za kukopeshana sio za kukopeshana. Zinakopesha hela zao wenyewe au za benki iliyo nyuma yao, kama M-Shwari ya Kenya iliyoanza 2012, ile ni mkopo wa benki kupitia simu. Njia ya kujua ni moja tu, fungua mkataba utafute neno mkopeshaji, uone jina lililoandikwa pale ni la nani.

Hatua ya 2: leseni, na uitafute kwao sio kwa apu

Picha ya cheti ndani ya apu haina maana yoyote, mtu anatengeneza nusu saa. Nenda kwenye orodha ya msimamizi mwenyewe, yaani benki kuu au mamlaka ya huduma za fedha ya nchi yako, utafute jina la kampuni iliyosajiliwa. Sio jina la apu, manake mara nyingi ni tofauti, jina la kampuni liko mwisho kabisa wa masharti kwa maandishi madogo. Na usikubali leseni ya biashara ya kawaida ikuzuge, kusajiliwa kama kampuni na kuruhusiwa kushika hela za watu ni vitu viwili.

Nchi hazifanani. India benki kuu yao ilitoa kanuni za majukwaa ya kukopeshana mwaka 2017, Indonesia mamlaka yao OJK ilitoa zake 2016. Kenya kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilitoka 2022 chini ya Benki Kuu. Tanzania, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza apu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Ona vizuri lakini, kanuni za wakopeshaji wa kidijitali nyingi zinamlinda mkopaji, wewe unayetoa hela yako kukopesha huenda hazikugusi kabisa. Kama nchi yako haina kanuni inayotaja mkopeshaji mdogo kama wewe, basi siku jukwaa likifunga hamna ofisi ya kwenda. Sisemi usiweke, nasema weka kile ambacho kikipotea maisha yanaendelea.

Hatua ya 3: fuata hela inapita wapi

Hii ndo hatua ninayoomba usiruke hata kama zingine utaruka.

Jukwaa safi haligusi hela yako. Hela inatoka kwako inaenda kwenye akaunti maalum iliyo benki, inayosimamiwa na mdhamini wa nje (sio wa kukulipia deni, ni wa kushika hela kwa niaba ya wenyewe), inakaa pale mpaka mkopaji apatikane, inaenda kwake, na marejesho yanarudi kwa njia hiyohiyo. India wameiweka kwenye kanuni kabisa, lazima akaunti mbili tofauti, moja ya hela za wakopeshaji na nyingine ya marejesho, chini ya mdhamini aliyewekwa na benki, na jukwaa haliruhusiwi kukopesha hela yake wala kupokea amana. Sababu ni hii: hela zikiingia kwenye akaunti ya kampuni na zikachanganyika na mishahara na kodi ya ofisi, hakuna tena wa kusema hii ni ya nani, na kampuni ikifilisika unasimama foleni pamoja na wadai wengine wote.

Na kuna kibaya zaidi ya kuchanganyika. Jukwaa la Ezubao la China lilianza 2014, mwisho wa 2015 likafungwa. Lilikuwa limekusanya zaidi ya yuan bilioni 50 kutoka kwa watu karibu laki tisa, na ikaja kusemwa kwamba asilimia 95 ya miradi iliyokuwa ikionyeshwa kwa wakopeshaji ilikuwa ya uongo. Hakukuwa na wakopaji! Riba waliyokuwa wanalipwa watu wa mwanzo ilikuwa hela ya watu waliokuja nyuma yao, mchezo wa piramidi mtupu, na mwanzilishi wake Ding Ning alifungwa maisha 2017. China ilikuwa na majukwaa maelfu, kufikia Novemba 2020 yalikuwa yamebaki sifuri. Wengi walioumia hawakuwa wajinga, walikuwa wameona matangazo kwenye televisheni, wameona ofisi nzuri, wamelipwa riba miezi ya kwanza bila kuchelewa hata siku moja. Ndo maana mi kulipwa vizuri mwanzoni sikuhesabu kama ushahidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kutuma angalia jina la akaunti inayopokea. Likiwa ni jina la mtu binafsi au namba ya simu ya wakala anayekuchati, acha hapohapo, usijadiliane nae. Likiwa jina la kampuni yenyewe bila kutajwa mdhamini wala benki, waandikie uwaulize akaunti ni ya aina gani na nani anasaini hela kutoka. Wakijibu kwa kuzunguka umeshapata jibu. Alafu ukishaweka kiasi kidogo cha kwanza, toa nusu yake kabla hujakopesha, uone inachukua siku ngapi kurudi.

Hatua ya 4: soma takwimu za wasiolipa, na usome mpaka kwenye mzizi

Kila jukwaa litakwambia wasiolipa ni wachache. Uliza wanahesabu vipi. Kwanza, mkopo unahesabika haujalipwa baada ya siku ngapi? Wengi wanatumia siku 90, na Indonesia majukwaa yanatakiwa kuonyesha waziwazi kiwango cha mikopo iliyolipwa ndani ya siku 90 toka tarehe ya mwisho, wanaiita TKB90. Hiyo ni nzuri kulinganisha wao kwa wao.

Lakini asilimia moja ya jumla inaweza kukudanganya bila mtu kusema uongo. Chukua jukwaa lililotoa mikopo 1,000 mwaka jana, yote muda umeisha, 150 haijalipwa, hiyo ni 15%, mbaya. Sasa mwezi huu wametangaza sana wametoa mikopo mipya 4,000, na hakuna hata mmoja uliofika siku ya kulipa. Wanakuja kwako wanasema kati ya mikopo 5,000 tuliyotoa ni 150 tu ina shida, yaani 3%. Hesabu ni sahihi na inakupoteza. Jukwaa linalokua kasi siku zote litaonekana safi kuliko lilivyo, na siku likiacha kukua ndo uchafu unajitokeza wote kwa pamoja, watu wanadhani limeharibika ghafla kumbe lilikuwa hivo toka zamani. Omba takwimu kwa kundi la muda, yaani mikopo iliyotolewa miezi 12 au 18 iliyopita, mingapi imelipwa yote, mingapi imechelewa, mingapi imeongezewa muda. Hiyo ya kuongezewa muda usiisahau, manake mkopo uliobadilishwa tarehe unarudi kuonekana mzima wakati mkopaji hajatoa chochote.

Hatua ya 5: piga hesabu yako mwenyewe

Chukulia una 1,000 ya hela yoyote ile. Umegawa kwa watu 100, kila mmoja 10, riba 24% kwa mwaka, wanalipa mwisho wa mwaka. Tangazo linasema utapata 1,240. Haya, watu 12 hawakulipa kabisa. Waliobaki 88 kila mmoja anarudisha 12.4, jumla 1,091.2. Jukwaa limekata ada 1% ya ulichokopesha, 10, umebaki na 1,081.2. Kama bei za vitu zimepanda 8% mwaka huo, ulihitaji 1,080 ili hela yako ibaki na nguvu ileile iliyokuwa nayo. Umefanya kazi mwaka mzima, umevumilia wasiwasi, umepata moja na kitu, na hapo kodi ya mapato ya riba bado.

Nimeiweka hivo ili iwe rahisi, kawaida wanalipa kwa mwezi na wengine wanalipa nusu alafu wanaishia njiani, lakini picha ndo hiyo. Weka namba za jukwaa lako uone. Kama jukwaa liko nchi nyingine ongeza na kubadilisha hela, manake shilingi au naira inaweza kushuka ikala faida yako yote na mkopaji amelipa kila senti.

Hatua ya 6: anza kidogo, gawa sana, chukua mikopo mifupi

Kosa langu lilikuwa hapa. Mtu mmoja mwenye alama nzuri bado ni mtu mmoja, anaumwa, anafukuzwa kazi, mvua inamharibia biashara. Ukigawa kwa mia moja, wasiolipa wanakuwa asilimia unayoweza kuihesabu, ukimpa mmoja ni yote au hakuna. India mkopeshaji mmoja haruhusiwi kumpa mkopaji mmoja zaidi ya rupia 50,000 kwenye majukwaa yote kwa ujumla, na mkopo hauzidi miezi 36, mi naona hata pasipo na kanuni ni vizuri mtu ujiwekee ya kwako. Yangu kwa sasa ni kwamba hakuna mkopaji anapata zaidi ya 2% ya nilichoweka. Angalia pia wakopaji wako wasiwe wote wa kazi moja, wote wakulima wa msimu mmoja, hao wanashindwa kulipa siku moja.

Ile sehemu ya kukopesha otomatiki, ambapo apu inakuchagulia wakopaji, iwashe baada ya kuelewa imewekwa vipi. Weka kikomo cha kila mkopaji, weka alama ya chini kabisa ya mkopaji unayoikubali, na uzime ile ya kuzungusha marejesho yenyewe, yaani kuyakopesha tena bila kukuuliza, angalau miezi ya mwanzo, uone hela ikirudi kwako kweli.

Mfuko wa dhamana ni neno tamu sana. Unamaanisha jukwaa limetenga hela kidogo kutoka kwenye ada, mkopaji akishindwa wanakulipa kutoka pale. Unafaa wakati wa kawaida. Jukwaa la RateSetter la Uingereza lilikuwa na mfuko unaosifiwa na 2020 corona ilipokuja walilazimika kukata riba ya wakopeshaji nusu ili mfuko usiishe. Mfuko unapungukiwa wakati uleule unaouhitaji. India 2024 walienda mbali zaidi, wakakataza jukwaa kubeba hasara ya mkopo na kuuza huku kukopeshana kama uwekezaji wenye faida ya uhakika au wa kutoa hela muda wowote. Ukiona tangazo linakuahidi toa hela yako saa yoyote, jiulize inawezekanaje wakati mkopaji ameshaichukua kwa miezi sita, hela ya kukupa inatoka kwa nani.

Hatua ya 7: kwa wewe unayekopa

Usiangalie riba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, angalia vitu viwili, kiasi kitakachoingia mkononi na kiasi utakachorudisha. Umeomba 1,000, wamekata 150 ya huduma na bima, imeingia 850, baada ya siku 30 unarudisha 1,000. Wao wanasema 15%. Wewe umelipa 150 kwa kutumia 850, ni karibu 17.6% kwa mwezi mmoja. Riba ya kila siku nayo inaonekana ndogo sana machoni, 0.3% kwa siku, ambayo ndo kikomo Indonesia waliweka 2024 kwa mikopo ya matumizi, ni 9% kwa mwezi na karibu 110% kwa mwaka. Mkopo wa namna hiyo unaweza kufaa kwa mzigo unaouza ndani ya wiki mbili ukapata faida. Kwa ada ya shule haufai, hakuna kitakachozaa hiyo riba kabla ya siku ya kulipa.

Ruhusa za simu soma moja moja. Apu ya mkopo ikitaka kusoma majina yote kwenye simu yako na picha zako, kataa, ikigoma kuendelea ifute. Google ilipiga marufuku apu za mikopo kuchukua hivyo vitu mwaka 2023, kwa hiyo apu inayokwambia uipakue kwa linki ya pembeni nje ya duka la apu inawezekana inakwepa hilo. Haya majina ndo wanayotumia kukuaibisha, wanampigia mama mkwe, wanampigia bosi, watu wameumia sana kwa hili na wengine deni lenyewe lilikuwa dogo tu.

Na usikope apu ya pili kulipa ya kwanza. Ukiona utachelewa waandikie kabla ya tarehe, omba kugawanyiwa, wengi wanakubali ukiwahi na wachache sana wanakubali baada ya wiki mbili za kutopokea simu. Ukimaliza kulipa dai barua ya kumaliza deni, alafu angalia taarifa zako kwenye taasisi ya taarifa za mikopo kama wameandika kweli kwamba deni limeisha.

Hatua ya 8: ikishaharibika

Toka siku ya kwanza weka folda, mkataba, skrinishoti ya kila mkopo, risiti za kutuma, meseji zote. Apu zinafungwa usiku mmoja na ukishafungiwa kuingia huna cha kuonyesha. Mkopaji akichelewa usimfuate mwenyewe hata kama umejua anapokaa, kukusanya deni ni kazi ya jukwaa kwenye mkataba na wewe unaweza kujikuta ndo mwenye kesi. Waandikie jukwaa kwa barua pepe, sio kwa kuchati, weka tarehe, namba ya mkopo na unachotaka wafanye. Wasipojibu ndani ya muda wao waliousema kwenye masharti, peleka malalamiko kwa aliyewapa leseni ukiambatanisha ile barua pepe, na kama ni suala la kuchukua au kusambaza taarifa zako nenda pia kwenye ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi kama nchi yako inayo.

Jukwaa likifa kabisa subiri tangazo la mfilisi au msimamizi aliyeteuliwa, sajili dai lako mapema, muda wake huwa ni mfupi. Na hapo ndo watakupigia watu wanaosema wanaweza kukurudishia hela ukitanguliza ada kidogo ya usumbufu. Hao wamepata orodha ya walioibiwa. Usitume.